Hakuna Mtumiaji Anayejulikana

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, taa ya kadi ya simu, ile inayounganisha laini zetu na kompyuta, iliacha kuwa kijani ikawa nyekundu, na chumba kizima kikanyamaza. Chumba chetu hakinyamazi hata siku moja. Hapa ndipo zinapoingia simu za kuita magari ya wagonjwa: laini thelathini, wapokeaji sita, na juu ya kelele zote hizo yupo Kasuku, mpokeaji wetu mkongwe, ambaye hurudia kila anwani mara mbili kwa sauti ya mnadani. Alipokosa cha kurudia alivua hedifoni akanigeukia.

"Fundi, umegusa nini?"

Nilikuwa nimegusa kitu kimoja tu. Nilikuwa nimesasisha seva, kazi ninayoifanya kila mwezi, tena bila kuijaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni kama ninavyowahimiza wengine. Sikujaribu kwa sababu kwenye orodha ya mabadiliko, chini ya programu ya kadi yetu, palikuwa na saini ya mdogo wangu. Nani anayeonja kwanza chakula alichopakuliwa na ndugu yake?

Ilinichukua dakika arobaini kurudisha toleo la zamani. Dakika zote hizo, kila aliyepiga alisikia mlio wa laini iliyokufa. Dereva wa gari la tatu ndiye aliyenisimulia baadaye, bila kunilaumu, huku akifuta vioo: mwanamume mmoja alifika getini kwa miguu, amembeba baba yake mgongoni, kutoka ng'ambo ya reli. Mzee alipona. Lakini yule mwanamume alikaa kwenye ngazi zetu na simu mkononi, akimwonyesha kila anayepita namba aliyoipiga mara kumi na saba.

Mkurugenzi wetu hapayuki. Akikasirika hupanga kalamu mezani, na siku ile alizipanga zote, mpaka zile zisizo na wino.

"Toleo la zamani utakaa nalo mpaka lini?" akaniuliza.

"Mwezi mmoja, na hapo nimejikaza. Lina matundu, mtu akitaka kuingia ataingia."

"Basi Ijumaa kuna kampuni inakuja na kisanduku chao. Kikifanya kazi, tunang'oa seva yako. Simu zitapokelewa huko makao makuu yao. Hapa hatutahitaji wapokeaji."

"Hata Kasuku?"

"Hata Kasuku. Una mpaka Ijumaa, Fundi."

Hapa inabidi nieleze kitu, na nitaeleza haraka, maana nikianza kuzungumzia mitambo ya simu watu hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Wakubwa wa dunia walikaa wakakubaliana namna mitambo ya simu itakavyozungumza, kisha kila mmoja akarudi kwao akafanya anavyotaka. Ndiyo maana kuna lahaja. Mtambo wa mji wetu ni wa zamani na una lahaja yake peke yake. Hautumi namba kwa mkupuo. Unatuma tarakimu moja moja, kama mtu anayehesabu karanga, na kila tarakimu unasubiri uitikiwe. Usipoitikiwa, unaamua waya umekatika na kujifungia.

Kompyuta haiwezi kuzungumza na mtambo kama huo mpaka iwe na kiendeshi, yaani programu ya kuiongoza kadi ya simu. Kiendeshi chetu ni cha programu huria. Hakina mwenyewe, kimeandikwa na watu wa kila pembe ya dunia ambao hawajawahi kuonana, na wanajadiliana kwenye orodha moja ya barua pepe. Masharti yake ni mepesi: chukua, tumia, uza ukipenda, ila ukikibadilisha weka wazi ulichobadilisha, na jina la aliyeandika usilifute. Miaka kumi na miwili iliyopita kilijua lahaja nyingi, isipokuwa yetu. Nikakaa na kipimo changu miezi kumi na minne nikiusikiliza mtambo, na lahaja yetu nikaiandika mimi.

Niliandika na kosa langu ndani yake. Siku zile nilikuwa na swichi moja iliyochakaa, iliyochelewa kufunga, kwa hiyo nikaweka subira ya milisekunde mia tatu na arobaini, kama theluthi ya sekunde, kabla ya kuitikia tarakimu ya kwanza. Swichi niliitupa mwaka uliofuata. Subira nikaisahau humo humo. Haidhuru, lakini hakuna mtambo hata mmoja unaoihitaji. Mdogo wangu alinitania nayo miaka nenda miaka rudi. "Dada," alikuwa akisema, "kiendeshi chako kinavuta pumzi kwanza kama bibi anayepanda ngazi."

Huyu mdogo wangu nyumbani tunamwita Profesa, tangu akiwa na miaka sita alipovaa miwani ya marehemu babu akakataa kuivua. Nilimlea mimi, Mama akiwa kazini. Nilimfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kufunga viatu. Alipomaliza masomo alikaa kwangu miaka mitatu, na ndipo tulipogawana kazi. Kiingereza changu ni cha kusomea maelekezo kwenye makopo ya rangi. Chake ni cha kuhutubia. Kwa hiyo mimi nilipima, yeye akaandika barua; hata lahaja yenyewe ilienda orodhani kwa barua yake, bila jina langu. Kila baada ya miezi michache orodha hutaka taarifa ya majaribio, ina mistari mitatu tu: aliyepiga, aliyepokea, muda wa simu. Nilimpa namba hizo mezani, tukila, naye alizituma kwa jina lake. Sikuona ubaya. Alipochaguliwa kuwa mtunzaji wa lahaja za kiendeshi, yule mwenye ufunguo wa kuingiza na kuondoa, nilimnunulia shati jipya.

Jumatatu ile jioni kabla ya kutoka kazini nilisoma taarifa ya toleo jipya. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Lahaja yetu imeondolewa: hakuna mtumiaji anayejulikana. Saini, ya Profesa.

Nikajua amepitiwa. Nilimpigia, akasema kwa haraka, "Dada, niko kikaoni, nitakupigia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hakupiga.

Jumanne nilifungua kumbukumbu za orodha. Kule hakuna kinachofutwa; kila barua ipo, na siku na saa yake. Mzee wa Orodha, ndivyo ninavyomwita mkuu wa mradi mzima, mtu wa mbali nisiyemjua sura, alikuwa ameandika miezi mitatu nyuma: lahaja hii haijaletewa taarifa ya majaribio kwa miaka miwili, je, kuna yeyote anayeitumia? Tutasubiri wiki sita.

Miaka miwili. Na mimi miaka hiyo miwili nilikuwa nampa namba kila Jumapili aliyokuja, naye akizipokea na kuziandika pembeni mwa gazeti.

Jibu lilikuwa moja tu. "Mimi ndiye mtunzaji. Sijui mtumiaji yeyote. Iondolewe." Jumapili, saa nane na robo mchana.

Jumapili ile naikumbuka. Alikula kwangu. Baada ya chakula alihamia kiti cha barazani na kompyuta mapajani, akaniomba nenosiri la intaneti kwa sababu nilikuwa nimelibadilisha. Nililisema kwa sauti kutoka jikoni. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, alinikanya nisimpigie kelele mtoto anafanya kazi. Mtoto wa miaka thelathini na minane. Nikampelekea chai, na alipoipokea alifunika kompyuta kidogo, kama mtu anayekinga mwanga wa jua.

Niliumia. Sitafuti neno zuri zaidi ya hilo. Nilikaa mbele ya kile kioo cha kompyuta nikahesabu: aliandika kwa intaneti yangu, chai yangu imo mkononi, ubwabwa wangu umo tumboni, na mimi niko hatua sita kutoka kwake nasugua sufuria. Kasuku alikuja kuniuliza kama nataka karanga. Nikamwambia anitoke hapa, halafu nikamfuata kumwomba radhi.

Jumatano niliandika kwenye orodha mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani. Barua ya mistari saba, kila sentensi inachechemea. Nikasema niko, laini thelathini, magari ya wagonjwa, tafadhali rudisheni. Mzee wa Orodha alijibu kwa adabu. Alishukuru. Alisema hawana kumbukumbu yoyote ya jina langu, na kila siku wanapata barua za watu wanaodai hili na lile. Mtunzaji amesema hakuna mtumiaji. Mtunzaji akisema yupo, lahaja itarudi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo chumba changu kizima, na Kasuku, na yule mwanamume wa kwenye ngazi, tulikuwa tunangoja sentensi moja kutoka kwa mdogo wangu. Nilimpigia mara sita siku ile, mara nne Alhamisi. Nilimwandikia: "Umesahau, si kitu, waandikie tu." Nilikuwa bado nampa mlango wa kutokea. Mtu akiwa mdogo wako unamwachia mlango hata ukiwa umeshamwona na mzigo.

Ijumaa kampuni ilikuja. Walikuwa watatu. Mtu wa mauzo mwenye tabasamu la kudumu, bibi mmoja wa mikataba, na mtaalamu wao wa lahaja za zamani, mwenye tai na kitambulisho kipya shingoni. Mtaalamu aliniangalia mara moja kisha akatazama swichi za ukutani kwa bidii kubwa.

"Mnafahamiana?" Mkurugenzi akauliza.

"Tumelelewa nyumba moja," nikasema.

Profesa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole akiwa mbele ya wageni.

Kisanduku kilikuwa kizuri, sitamnyima mtu haki yake. Cheusi, kidogo, kimefungwa kwa gundi pande zote ili asikifungue mtu. Walikichomeka kwenye laini ya akiba. Taa ikawaka kijani. Mtu wa mauzo akasema kisanduku chao ndicho pekee sokoni kinachojua lahaja yetu, na kwamba programu huria hazina tena habari nayo, mnaweza kuhakikisha. Mkurugenzi alianza kurudisha kalamu mfukoni, na nilijua maana yake.

Mimi nilikuwa nimeshaning'iniza kipimo changu kwenye waya. Si kwa hila, ni mazoea. Kinachoingia ukutani kwangu nakipima. Nikamwomba Kasuku apige simu ya majaribio. Tarakimu ya kwanza ikaja. Kisanduku kikasubiri. Kisha kikaitikia.

Milisekunde mia tatu na arobaini.

Nikamwomba apige tena. Mia tatu na arobaini. Mara ya tatu sikuwa naangalia kipimo, nilikuwa namwangalia mdogo wangu, na yeye alikuwa anaangalia kipimo. Uso ulimshuka. Aliijua ile pumzi kuliko mtu yeyote duniani, aliitania miaka kumi.

"Dada, tuzungumze nje," akasema.

Ukumbi wa nje una benchi la wagonjwa na mashine ya maji ambayo haijawahi kutoa maji. Tulisimama kati ya hivyo viwili.

"Umekibeba," nikasema. "Kile nilichoandika mimi. Umekibeba, ukakifungia ndani ya sanduku, halafu ukakifuta kule nje ili kisipatikane pengine."

"Usiseme hivyo. Sikiliza kwanza. Lahaja ile ilikuwa inakufa, hakuna aliyeijali..."

"Mimi je?"

"Nilikuwa nataka wakuajiri na wewe. Nimeshawatajia."

"Profesa. Waliuliza kama kuna mtumiaji. Ulikuwa kwangu. Ulikuwa kwenye kiti changu."

Akalegeza tai. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka damu inanichemka, kwa sababu alikisema kwa upole, kama mtu aliyekifikiria siku nyingi na kukiona kina mantiki.

"Waliuliza watumiaji, Dada. Wewe si mtumiaji. Wewe ni dada yangu."

Ningeweza kumzaba kibao. Kuna mama alikuwa kwenye benchi na mtoto mwenye homa, nikamwonea haya. Badala yake nilimwomba. Nilimwomba kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Nikamwambia, "Andika sentensi moja. Simu unayo mfukoni. Waambie yupo. Kisanduku uzeni mjini kote, sina neno, ila lahaja irudi. Nami nitakaa kimya mbele ya Mkurugenzi, na Mama hatajua kitu."

Alitoa simu mfukoni. Naapa aliitoa. Aliishika, akaitazama, akainamisha kichwa.

"Nimeshasaini nao," akasema. "Siwezi."

Akairudisha mfukoni.

Nilirudi chumbani kabla yake. Nilichukua kipimo cha pili, nikakifunga kwenye seva yangu ya zamani, nikaviweka vioo vya vipimo vyote viwili sambamba mbele ya Mkurugenzi. Nikamwomba Kasuku apige huku, apige kule. Subira mbili, sawasawa. Nikaeleza ile swichi mbovu niliyoitupa miaka kumi iliyopita, na kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuweka subira ile isipokuwa mimi, na niliiweka kwa makosa. Profesa alikuwa amesimama mlangoni. Sikumtaja. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Mkurugenzi alitazama kioo kimoja, kisha kingine. "Kwa hiyo," akasema, "tunauziwa kitu ambacho tulikuwa nacho Jumatatu iliyopita."

Bibi wa mikataba akasema watashauriana na wanasheria wao. Mtu wa mauzo alichomoa kisanduku na tabasamu lake kwa pamoja. Mimi nikapewa ule mwezi mmoja.

Vipimo nilivituma kwenye orodha siku hiyo hiyo, pamoja na kumbukumbu za mashine yangu za miaka kumi na mmoja. Mzee wa Orodha alimwuliza mtunzaji hadharani, mbele ya watu mia kadhaa wa nchi mbalimbali, ana la kusema? Walimngoja wiki nzima. Nami nilifungua kumbukumbu zile kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Nilikuwa natamani ajitetee. Hata angesema uongo ningefurahi, maana uongo ni dalili kwamba mtu bado anakuonea haya. Hakuandika kitu. Siku ya nane wakamwondolea ufunguo, na Mzee wa Orodha akaniuliza mimi kama nitakuwa tayari kuushika. Nilijibu kwa neno moja, nikahakikisha sijalikosea.

Mama anauliza kila Jumapili kwa nini Profesa haji. Namwambia kazi zimembana. Anasema nisimpigie kelele nikimpata.

Sasisho lilifika Jumanne, wiki ya tatu. Safari hii nilijaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni, mara mbili, na ile subira ya kipuuzi niliiondoa. Kisha nikaliweka kwenye seva. Saa tatu na nusu asubuhi taa ilikuwa kijani. Wapokeaji sita walikuwa wamevaa hedifoni, hakuna anayesema, na laini ya tisa ikalia. Kasuku aliipokea. Niliona anafungua mdomo kurudia anwani, kisha anaufunga.

"Fundi, huyu hana mgonjwa. Anakutaka wewe."

Nikachukua hedifoni yake.

"Dada," akasema.

Nilisikia nyuma yake sauti ya ofisi, mtu anacheka, kiti kinaburutwa. Alikuwa ameona toleo limetoka. Ndiye mtu pekee duniani aliyejua siku na saa ambayo ningeliweka.

"Inafanya kazi," akasema. "Nimesikia. Umeitoa ile pumzi."

Nilikuwa na maneno mengi, wiki zote hizo nilikuwa nayapanga nikipiga pasi. Laini ya kumi na mbili ilianza kulia, kisha ya nne.

"Hii ni laini ya wagonjwa," nikasema. "Una mgonjwa?"

"Dada, mimi..."

"Una mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi waachie wengine."

Nikakata. Kasuku alinyakua hedifoni yake, na dakika haikuisha alikuwa anarudia jina la mtaa kwa mara ya pili, gari la tatu likawashwa nje, na chumba kikarudi kuwa kile chumba.

Mtunzaji mpya anatakiwa kutuma taarifa ya simu ya kwanza. Niliifungua fomu yenye ile mistari mitatu. Kwenye muda niliandika sekunde hamsini na moja. Kwenye aliyepokea niliandika jina langu kamili, herufi moja moja, kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze. Kwenye aliyepiga nilikaa muda mrefu. Kisha nikaandika: mtumiaji, simfahamu.